Kikuba cha Asumini na Begi la Ijumaa: Shangazi Anajibu

Kati ya barua nilizopokea mwezi huu nimechagua tatu nizijibu pamoja, kwa sababu kila moja inaiangaza nyingine. Ya kwanza ni ya mume anayetaka kumfurahisha mkewe kwa kile alicho nacho, ya pili ni ya mama ambaye ndoa yake imekwisha na sasa anawahangaikia wanawe, na ya tatu ni ya baba ambaye amechanganya mambo hayo mawili katika mikono ya mtoto mdogo. Nimeondoa kila kitu kinachoweza kuwatambulisha waandishi.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi seremala, naishi Tanga na mke wangu na watoto wetu watatu. Mwezi ujao tunatimiza miaka 11 ya ndoa. Tulipokuwa wachumba nilikuwa nampelekea asumini niliyoichuma uani kwa bibi yangu, lakini siku hizi mazungumzo yetu ni ada ya shule, umeme na unga. Hatugombani, ila tumekuwa kama wapangaji wawili wanaotumia ukumbi mmoja. Sina fedha ya kumpeleka hotelini wala ya kumnunulia dhahabu. Naweza kumfanyia nini kwa mikono yangu, ambacho hakitaonekana kuwa ubahili?
Fundi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeandika wakati bado hamgombani, maana wengi hukumbuka kuandika wakati kikao cha wazee kimeshaitishwa.

Anza na asumini ile ile. Chuma vitumba alasiri, kabla havijafunguka, uvifunge kwa uzi pamoja na majani machache ya mrehani, na waridi moja ukilipata, halafu ukiweke kikuba hicho juu ya mto wake. Vitumba vitachanua vyenyewe giza linapoingia, na chumba kizima kitanukia kama kilivyonukia mlipooana. Usiku huo usimpe kitu kingine chochote, wala usikipige picha ukakionyeshe kwenye simu za watu, kwa kuwa zawadi ya namna hii hupoteza nusu ya thamani yake mara tu inapotafutiwa mashahidi.

Sasa nakuuliza jambo la kifundi. Je, ndani ya nyumba yako kuna mlango wa kabati usiofunga, au kigoda chenye mguu unaocheza, ambacho mkeo amekitaja zaidi ya mara tatu? Najua nyumba za mafundi, na naamini kipo. Kitengeneze wiki hii, kimyakimya, kwa mbao nzuri ambayo ungemtengenezea mteja anayelipa, ukisugue kwa msasa na kukipaka vanishi. Mwanamke aliyeishi miaka 11 na fundi anayetengenezea watu vitu, huku chake mwenyewe kikingoja, ataelewa maana ya kazi hiyo bila kuelezwa.

Siku yenyewe ikifika, waombe watoto wakalale kwa bibi yao, kisha pika wewe. Ikune nazi kwa mkono wako, uketi juu ya mbuzi kama anavyoketi yeye kila siku, na migongo yenu itaanza kuelewana. Tui zito la kwanza liweke kando, tui jepesi la pili lichemshie mchele, na samaki umchome juu ya makaa, kisha umpake lile tui zito lililoungwa kwa kitunguu thomu, ndimu na pilipili, ukimgeuza na kumpaka tena mpaka akolee. Usimwite jikoni hata mara moja kumwuliza chumvi iko wapi, na mkishakula, osha sufuria. Nasisitiza hili la sufuria, kwa sababu nimepokea barua za wanawake ambao waume zao waliwapikia chakula kizuri sana, kisha asubuhi wakaamkia karai la vyombo lililojaa, wakahisi kwamba karamu ile walifanyiwa kwa gharama yao wenyewe.

Ukipenda kuongeza kanga, soma maandishi yake kabla hujalipa. Kanga husema, na majirani hukisoma kile inachosema. Doti yenye rangi nzuri lakini imeandikwa «Mdhaniaye siye ndiye» itamfanya mkeo ajiulize usiku kucha ni nani huyo unayemsema. Kama huna uhakika wa maneno, chukua karatasi uandike ya kwako: mkumbushe siku moja mnayoijua ninyi wawili tu, umtajie jambo moja alilolifanya mwaka huu ambalo uliliona ukanyamaza. Ubahili unaouogopa haumo katika udogo wa kitu. Mkeo ataona ubahili akipewa kitu ambacho kingeweza kupewa mwanamke mwingine yeyote.

Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tuliachana mwezi wa Mei baada ya miaka 12, na eda yangu imekwisha. Naishi Temeke na wanangu wawili, wa kike wa miaka 10 na wa kiume wa miaka 5. Baba yao huja kuwachukua Ijumaa jioni na kuwarudisha Jumapili. Mdogo nilimwambia kwamba baba yake amepata kazi ya mbali ndiyo maana halali nyumbani, na kila Jumapili humwuliza kwa nini hashushi begi lake aingie ndani. Ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka 3, na jirani mmoja alimcheka mbele ya wenzake. Mkubwa halii wala hasemi, na mwalimu wake anasema anakaa darasani kama mgeni. Nami nakiri kwamba wanaporudi nashindwa kujizuia, nawauliza walikula nini na nani alikuwepo. Nifanye nini wanangu wasiumie zaidi?
Mama wa Wawili, Temeke

Marahaba, mwanangu, na pole. Swali la mwanao la Jumapili nimelisoma mara nyingi, kwa sababu limebeba ugonjwa wote wa jambo hili. Anaona kitu kisicholingana na alichoambiwa, naye hana wa kumfungulia fumbo hilo, kwa hiyo analifumbua mwenyewe kwa akili ya miaka 5. Mtoto wa umri huo hujiona kuwa chanzo cha mambo makubwa yanayotokea karibu naye. Huenda anaamini kwamba baba hashushi begi kwa sababu yeye alimwaga maziwa siku fulani, au kwa sababu alisema neno baya. Uongo wa kazi ya mbali ulikusudiwa kumlinda, lakini umemwacha peke yake na dhana hiyo.

Kwa hiyo mwambieni ukweli, na kama baba yake anakubali, mwambieni pamoja, mmeketi, mchana, siku ambayo hakuna safari wala mgeni. Maneno yawe machache na yafanane kwa wote wawili: «Baba na mama hatutaishi tena katika nyumba moja. Tumeliamua sisi watu wazima. Hukulisababisha wewe, na huwezi kulirekebisha wewe. Baba ataendelea kuwa baba yako, na mama ataendelea kuwa mama yako.» Mwombe radhi kwa habari ya kazi ya mbali, kwa sentensi moja, bila kujitetea. Sababu za kuachana kwenu hazimhusu, wala hazimhusu dada yake. Baada ya hapo mtajie mambo ambayo hayatabadilika, ukiyataja kwa majina: shule yake, madrasa yake, kitanda chake, bibi yake, rafiki zake wa mtaani. Atauliza tena kesho, na kesho kutwa, na wiki ijayo. Mjibu kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Hakuulizi kwa sababu amesahau. Anapima kama jibu bado limesimama.

Kuhusu kukojoa kitandani, mpeleke kwanza kituo cha afya apimwe mkojo na aulizwe kuhusu choo chake, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo na choo kigumu pia huleta hali hiyo, na si haki kumbebesha huzuni kosa la ugonjwa unaotibika. Daktari akisema ni mzima, jua kwamba kurudi nyuma namna hii ni jambo la kawaida kwa mtoto mdogo aliyepatwa na mtikisiko, na mara nyingi huondoka lenyewe anapotulia. Tandika plastiki chini ya shuka, mpeleke chooni kabla ya kulala, na asubuhi fua bila maneno wala sura ya kununa. Asipigwe, asianikiwe godoro mbele ya nyumba ili aone haya, na asiimbiwe kikojozi na mtu yeyote. Mwendee yule jirani yako, kwa adabu lakini bila kuzunguka, umwambie kwamba mwanao yuko katika wakati mgumu na kwamba unamwomba amstahi.

Binti yako ananitia wasiwasi zaidi, na natumaini hutachukulia vibaya nikisema kwamba ukimya wake umekurahisishia kazi. Mtoto wa miaka 10 anaelewa maana ya talaka, anasikia minong'ono ya shangazi na mama wadogo, na mara nyingi huamua kwamba mama ana mizigo ya kutosha, kwa hiyo wake ataubeba mwenyewe. Usimketishe mbele yako na kumwambia «haya, sema.» Msuke nywele. Mtoto anaposukwa ameketi katikati ya magoti ya mama yake, amempa kisogo, mikono ya mama iko kichwani pake, na saa mbili zote hakuna anayemtazama machoni. Pale ndipo binti zetu wamekuwa wakisema mambo yao tangu zamani. Kuchagua mchele pamoja nako hufaa. Akisema kwamba anamkumbuka baba yake, mwitikie kwamba ni kweli, kumkumbuka mtu kunauma. Akisema kwamba amekukasirikia wewe, vumilia usikie mpaka mwisho. Ila usimgeuze kuwa msiri wako, wala usimweleze ya matunzo yaliyochelewa au ya wifi zako, hata kama anaonekana kuwa mtu mzima kwa jinsi anavyonyamaza. Mweleze mwalimu wake hali ilivyo, kwa maneno machache, ili utulivu wa mtoto usichukuliwe kuwa uvivu.

Sasa tuje kwenye begi la Ijumaa, maana nyumba mbili hujengwa na vitu vidogo vya namna hii. Lipangeni Alhamisi jioni, wao wakichagua, wewe ukisaidia. Mdogo mpe kanga yako uliyokwisha kuivaa, isiyofuliwa, alale nayo huko. Harufu yako itamfikisha asubuhi. Mwombe baba yao anunue mswaki wa kila mmoja, ndala na nguo za kulalia zibaki kwake siku zote, kwa sababu mtoto anayebeba kila kitu chake begani kila wiki hujiona msafiri katika nyumba zote mbili. Kisha chukueni kalenda ya ukutani na penseli za rangi, siku za kwa baba zipakwe rangi moja na za kwa mama rangi nyingine, mdogo apewe kazi ya kufuta siku iliyopita kila usiku. Mtoto asiyejua kuhesabu wiki huishi katika kungoja kusiko na mwisho, na kalenda humpa mwisho anaoweza kuugusa kwa kidole.

Umekiri mwenyewe habari ya maswali ya Jumapili, kwa hiyo sitakulaumu, lakini acha. Kila swali la «nani alikuwepo» linamlazimisha mtoto achague ni nani amsaliti, baba kwa kusema au mama kwa kuficha. Badala yake uliza kama walilala vizuri na walicheza nini, na wakikueleza kwa furaha kwamba baba aliwapeleka ufukweni, furahi pamoja nao, hata kama furaha hiyo itakukwaruza kooni. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, waumini wameamriwa kwamba mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe. Ninaisoma aya hiyo kuwa ni katazo la kumtumia mtoto kama fimbo, kutoka upande wowote.

Hukuuliza ya sheria, lakini ni vizuri uyajue kwa ufupi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutaka mgogoro upitie kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani. Katika kifungu cha 125, sheria hiyo inaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote panapoamuliwa akae na nani. Inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hufaa zaidi akae na mama, dhana ambayo mahakama inaweza kuiacha ikiwa ushahidi unaonyesha vingine, na inatambua pia matakwa ya mtoto mwenyewe anapokuwa na uwezo wa kutoa maoni yake. Mkikwama katika matunzo au ratiba, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu kabla hamjaanza kutumiana maneno makali. Na ikiwa mmoja wa watoto ataacha kula kwa siku nyingi, atajiumiza au atazungumza habari ya kufa, usingoje barua ya gazeti: nenda hospitali siku hiyo hiyo, au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Shangazi, shikamoo. Nilimpa mke wangu talaka moja kwa hasira, na eda ikapita kabla sijazinduka. Binti yetu wa miaka 8 anaishi kwa mama yake hapa Unguja, na huja kwangu kila Alhamisi. Anapoondoka humpa kikuba na barua niliyoiandika kwa mkono ampelekee mama yake, kwa sababu nataka turudiane na sina njia nyingine ya kumfikia. Mara mbili barua zimerudi hazijafunguliwa. Wiki iliyopita binti yangu alilia, akaniambia kwamba pengine yeye hakumpa mama yake vizuri. Niendelee?
Baba, Unguja

Marahaba, mwanangu. Hapana, usiendelee, na jambo hili ulimalize kabla ya Alhamisi nyingine kufika.

Siidharau nia yako. Kikuba ulichokifunga na barua uliyoiandika ni vitu vya heshima, na muda mfupi uliopita nimemshauri mume mwingine afanye hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye anakiweka kikuba juu ya mto kwa mkono wake, na mkewe akikikataa, aibu ni yake peke yake. Wewe umemkabidhi mtoto moyo wako aubebe, ukarudishwa, na yeye ndiye aliyesimama katikati wakati unarudishwa. Sikiliza alichokuambia: pengine hakumpa mama yake vizuri. Ameshajifanya mkosaji wa ndoa yenu. Kesho atadhani kwamba akisoma kwa bidii, au akijiombea kwa nguvu zaidi, mtarudiana, na msiporudiana atajua wa kumlaumu.

Njia unayo. Ilikuwa rahisi ndani ya eda, ulipokuwa na haki ya kumrejea. Eda imepita, na baada ya talaka moja mlango haujafungwa, lakini sasa ni lazima pawe na ndoa mpya, kwa ridhaa yake na kwa mahari mapya. Mtafute mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, aende kwa walii wa mama huyo, yaani msimamizi wake wa ndoa, kwa salamu, aulize kama kuna nafasi ya mazungumzo. Jibu likiwa hapana, barua mbili zilizorudi zitakuwa zimeshakueleza hivyo, na itakubidi ulikubali. Mkikosa kuelewana juu ya matunzo au siku za kumwona mtoto, Mahakama ya Kadhi ipo.

Kabla ya hayo yote, zungumza na binti yako. Mwambie: «Barua zile zilikuwa kazi ya baba, nami nilikosea kukubebesha. Ulizipeleka vizuri sana. Mama ana haki ya kutozifungua, na hilo halikuhusu wewe.» Mwambie pia kwamba humtumi tena, wala hutamwuliza mama anasema nini.

Mikono yako iliyozoea kufunga maua itumie sasa kwa ajili yake. Alhamisi mkaange kaimati pamoja, yeye akidondoa unga, wewe ukisimamia mafuta, na asipeleke sahani kwa mtu yeyote. Omba ruhusa ya mama yake umpigie simu usiku mmoja au mbili katika wiki, saa ile ile, uanze na «Paukwa!», yeye akujibu «Pakawa!», umsimulie hadithi fupi aliyoisikia bibi yako akikusimulia, umalize, umtakie usiku mwema, ukate. Usiulize nani yuko karibu naye. Panda mche wa asumini katika kopo, mwandikie jina lake, uwe wake wa kumwagilia kila anapokuja.

Na Alhamisi ijayo, wakati wa kuondoka utakapofika, mfungie kikuba kidogo, mbandike kifuani kwa pini, umwambie kwamba hiki hakipelekwi popote, ni chake.